Akiba yangu ni 120,000, naogopa kuipoteza

SWALI: Wahariri, hamjambo? Naishi Umoja na wanangu wawili, na nimeajiriwa dukani kwa mshahara wa shilingi 28,000. Kwa miaka mitatu nimeweka akiba ya 120,000 ili nianze kutengeneza sabuni ya maji, niuzie saluni na vibanda vya chakula. Mkopo sitaki. Lakini kila nikijiandaa kuanza namkumbuka mjomba wangu, aliyefunga stoo yake ya mitumba Gikomba akabaki hana hata nauli. Niache kazi nijitose, au ningoje hofu iishe?
Mama Wawili, Umoja

JIBU: Mama, kazi usiache, na hofu usiingoje iishe. Inakubana kwa sababu pesa zako zote ziko fungu moja: ukiwaza biashara, unawaza 120,000 nzima ikiteketea. Igawanye leo. Toa 60,000, ambazo ni kodi na chakula cha miezi mitatu kwa 20,000 kila mwezi, uziweke mahali ambapo huwezi kuzitoa kwa simu usiku. Hizo si za biashara hata mambo yakienda vizuri. Zinazobaki zigawe mafungu manne ya 15,000. Unaanza na fungu moja tu. Likiisha kabla hujapata wateja watano wanaorudi kununua, simama mwezi mzima utafute kilichokwama kabla ya kugusa la pili. Kiwango hicho kiandike sasa, ukiwa mtulivu, umpe mtu unayemheshimu akutunzie.

Kosa lako la kwanza lifanyie jikoni, kwa lita 20. Mara nyingi wanaoanza huharibu sabuni kwa chumvi. Ungerol, ile kemikali inayosafisha na kutoa povu, ikishayeyuka kwenye maji, chumvi ndiyo huipa uzito, kwa hiyo mtu akiona bado nyepesi anamimina zaidi. Ikipita kiasi, sabuni hulegea ghafla ikawa kama maji, na kila kijiko unachoongeza kinaizidishia ubaya. Yeyusha chumvi kando, uitie kikombe kimoja kimoja huku ukikoroga polepole, na uache povu litulie kabla ya kupima uzito wake. Ikishalegea usiimwage: ongeza Ungerol iliyoyeyushwa kwenye maji yasiyo na chumvi. Andika vipimo vya kila pipa. Weka chupa moja dirishani wiki tatu. Ikinuka au kufanya ukungu, kihifadhi hakikutosha, na ni heri ulijue wewe kabla ya mwenye saluni.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi huanguka. Tuseme kemikali za lita 20 ni 650, mitungi minne ya lita tano ni 280, na nauli ya matatu ni 150. Jumla 1,080, yaani 270 kwa mtungi. Ukiuza 400, unabaki na 130, na jasho lako bado hujalilipa. Mwenye kibanda akichukua mitungi minne kwa deni asilipe, itabidi uuze mingine tisa ndipo urudishe 1,080 zako. Kwa hiyo fungu la kwanza lisiwe na deni hata kwa jirani. Anayetaka kujaribu mpe chupa ya nusu lita bure. Hasara yake ni ndogo na unaijua.

Kuhusu mjomba, nenda ukamsalimie, umuulize kwa heshima ni mwezi gani alianza kula pesa za kununulia mali. Akikumbuka, utatoka na funzo badala ya kitisho. Nawe, ili usiingie mtego huo, pokea malipo kwa laini ya pekee au nambari ya Lipa na M-Pesa, na unga wa nyumbani usinunuliwe kutoka huko.

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, na leseni hutolewa na Kaunti ya Jiji la Nairobi. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ni ya lazima kabla ya kuingiza sabuni sokoni, kwa hiyo fungu la nne litenge tangu sasa kwa shughuli hiyo, uikamilishe kabla hujauza mtungi wa kwanza, na uulize masharti yao mapema, kabla hujachapisha lebo. Tumeona watu wakichapa lebo elfu moja kwanza, kisha wakaambiwa zirekebishwe.