Kalipa zenye kutu: fungua kwanza, rangi baadaye

Mkuu, umeuliza kama kalipa za mbele za Toyota Premio yako (vile vibanio vya chuma vinavyobana pedi za breki kwenye diski), ambazo zinaonekana wazi tangu uweke rimu za inchi 17, unaweza kuzipuliza rangi nyekundu zikiwa hapo hapo kwenye gari, ukitoa matairi tu. Inawezekana, na wengi wamefanya. Mimi pia nilifanya hivyo 2019 kwenye Premio yangu. Miezi michache baadaye nikazifungua zote upya.

Naishi Kigamboni, na aliye karibu na bahari anajua chumvi inavyokula chuma. Siku moja nimerudi kutoka Bagamoyo, nimeshuka, nasikia harufu ya kitu kinaungua. Rimu ya mbele kulia ilikuwa haishikiki, ya kushoto ilikuwa na uvuguvugu tu. Nilipotoa tairi, rangi nyekundu bado inang'aa, lakini pedi ya ndani ilikuwa imebaki kipande chembamba juu ya bati lake wakati ya nje ilikuwa nene karibu kama mpya. Nilikuwa nimeremba kalipa iliyokwama. Ndiyo maana nakuomba usipulize kabla hujafungua.

Kalipa zetu hizi ni za kuelea. Pistoni iko upande mmoja tu, wa ndani. Ukikanyaga breki, pistoni inasukuma pedi ya ndani hadi kwenye diski, kisha mwili mzima wa kalipa unateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje nayo ibane. Pini zikikauka, kalipa haitelezi, pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili, na ukiachia breki haifunguki vizuri. Tairi linazunguka huku limebanwa, gari linakula mafuta mengi, diski inachemka.

Yangu nilipoifungua, pini ya juu ilitoka kwa vidole. Ya chini ikagoma. Nikapulizia dawa ya kutu, nikasubiri, nikaizungusha kwa koleo kidogo kidogo, kulia kushoto, mpaka ikaanza kulia na kutoka. Grisi iliyokuwemo imekauka na kuwa nyeusi kama ugoro. Na kile kimpira cha kwenye ncha ya pini kilikuwa kimevimba mpaka kinabana tundu. Chanzo nilikijua baadaye: mwaka uliotangulia gereji moja ilibadilisha pedi na kupaka pini grisi ya kawaida, ile ya bearingi. Mpira wa breki haupatani na grisi ya namna hiyo, inayotokana na petroli, unavimba. Pini inataka grisi ya silikoni au ile iliyoandikwa kabisa kuwa ni ya mpira wa breki. Ukienda Gerezani kununua spea, soma kopo mwenyewe, usitegemee jibu la "hii inafaa kwa vyote". Hata kusafishia, usitumie petroli wala mafuta ya taa kwenye sehemu zenye mpira. Dawa ya kusafishia breki au spiriti inatosha.

Sasa pistoni. Ndani ya kalipa kuna sili ya mpira yenye pembe nne. Ukikanyaga breki, sili hiyo inajikunja pamoja na pistoni. Ukiachia, inajikunjua na kuirudisha pistoni nyuma kidogo. Hakuna springi inayofanya kazi hiyo, ni mpira huo tu. Kwa hiyo kama kifuniko cha vumbi kimepasuka na maji yameingia, utakuta kutu kwenye pistoni na uchafu kwenye mfereji wa sili, na kalipa haitaachia hata pini zikiwa safi. Pitisha ukucha juu ya pistoni. Ukucha ukikwama kwenye kishimo, nunua pistoni nyingine. Usiisugue kwa msasa, maana utatoa ile ngozi yake ngumu na itaanza kuvujisha. Sili na kifuniko cha vumbi huuzwa pamoja kama seti, badilisha vyote.

Kuitoa pistoni, njia salama niliyoizoea ni kutumia pedali yenyewe kabla hujafungua paipu ya mafuta ya breki: weka kipande cha mbao mahali pa pedi, mtu akanyage taratibu mpaka pistoni iegemee mbao. Wapo wanaotumia upepo wa kujazia matairi. Upepo huo unaifyatua pistoni kama risasi, na kidole kikiwa mbele yake hakiponi. Kama ni lazima, fungulia kidogo sana, mbao ikiwepo, na mikono iwe mbali.

Kalipa isiyofunguliwa paipu usiiache ining'inie kwa paipu yake, ifunge kwa waya kwenye springi. Ukifungua paipu, zile washa za chuma laini zinazobana kwenye jicho lake (ncha yake yenye tundu) ni za kutumika mara moja, nunua mpya. Na mafuta ya breki yasikauke kwenye kikopo cha juu, hasa gari likiwa na ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu), maana upepo ukiingia huko kuutoa ni kazi nyingine. Mimi nakandamiza pedali kidogo na kuishikilia kwa ubao ulioegemea kiti. Ikiwa imekandamizwa hivyo, mafuta ya kwenye kikopo hayashuki.

Rangi yenyewe haina mengi. Osha kwa sabuni na maji ili lile vumbi jeusi lisiruke ukalivuta puani, sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha msasa wa 120 na umalizie na 240, futa kwa dawa ya breki. Tumia rangi ya kuhimili joto, rangi ya geti itababuka. Puliza mikono myembamba mitatu, ukipumzika kama dakika kumi kati ya mkono na mkono, na acha usiku mzima kabla ya kufunga. Mimi nilizitundika kwa waya chini ya mwembe mwezi wa saba, unachanua, vumbi la maua likashika kwenye rangi mbichi na ikabidi nipige msasa upya. Tafuta banda lisilo na upepo.

Panapotaka umakini ni pale rangi isipotakiwa. Funika kwa solotepu: pistoni na mpira wake, matundu ya pini, uso linapokaa jicho la paipu, bolti ya kutolea upepo, na zile njia ambamo pedi huteleza kwenye mkono wa kalipa, yaani fremu inayobeba pedi. Njia za pedi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Rangi ikiwa nene pale, pedi inabana, haitelezi, na umerudi kwenye tatizo lile lile.

Wakati wa kufunga, angalia ya kulia na ya kushoto. Zikishapakwa zinafanana kabisa. Bolti ya kutolea upepo lazima iwe juu, kwa sababu upepo hupanda. Nilimsaidia ndugu yangu mmoja aliyehangaika siku nzima kutoa upepo na pedali bado ni laini kama sponji. Kalipa zilikuwa zimebadilishana pande, bolti ziko chini. Tulizirudisha, na nusu saa haikuisha pedali ikawa ngumu.

Kutoa upepo unahitaji mtu kwenye pedali. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kutoka kwenye bolti mpaka kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. "Kanyaga, shikilia." Unafungua, mapovu yanatoka, unafunga. "Achia." Asiachie kabla hujafunga, upepo utarudi. Tumia mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha kikopo kinavyosema, kutoka kwenye chupa ambayo haijawahi kufunguliwa, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango chake ni nyuzi 155. Fikiria hilo ukiwa unashuka mlima Kitonga na mzigo. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye kabisa na hizi.

Mafuta hayo hayo ni adui wa rangi yako. Tone moja likikaa dakika chache, rangi inavimba na kuchubuka. Kuwa na maji karibu, mwagia mara moja, yanayeyuka na kuondoka.

Kabla hujawasha gari, pampu pedali mpaka iwe ngumu, kwa sababu mara ya kwanza itazama mpaka chini. Kaza nati za tairi kwa kuvuka upande wa pili kila mara, si kwa kuzunguka, na torki (nguvu ya kukazia) ya Toyota nyingi ni 103 Nm. Zunguka mtaani polepole, funga breki mara kadhaa, rudi, sogeza kiganja karibu na rimu zote mbili za mbele bila kuzigusa. Joto likiwa sawa, kalipa zako zinaachia. Moja ikiwa ya moto kuliko nyenzake, piga picha ya pini na pedi zake uziweke hapa, tuangalie pamoja.