Haibridi za Mwanzo Zitakuja Kuwa na Thamani? Ndiyo, Lakini Si Zote

Wiki iliyopita nimefunga namba za gari la kihistoria kwenye Honda Insight yangu ya mwaka 2000, gari la haibridi, yaani linalosukumwa na injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme. Hapa Ohio namba hizo hupewa gari lililopita miaka 25 na linalotunzwa kama kumbukumbu: la maonyesho, misafara ya klabu na gwaride, si la kwendea kazini kila siku. Nimezingoja kwa hamu kubwa. Siku hiyo hiyo msomaji mmoja wa Morogoro akaniandikia: "Kaka, nina Prius ya 2006, ile taa ya pembetatu nyekundu imewaka, fundi anasema betri imekufa, niuze skrepa. Nasikia haibridi za zamani zitapanda bei. Niiuze au niitunze?"

Namjibu hadharani, kwa sababu najua wengi mnaopita hapa mna kiu niliyo nayo: kumiliki gari ambalo mjukuu wako atasimama alitazame na kuuliza maswali.

Insight yangu niliikuta nyuma ya gereji moja hapa Columbus, chini ya turubai lililojaa majani. Rangi yake ya limao, gia za mkono, taa ya IMA, yaani ya onyo la mfumo wa haibridi wa Honda, inawaka kwenye dashibodi. Mwenye gereji alitaka nafasi yake tu. Fundi wa kwanza niliyempelekea alifungua sakafu ya buti, akaona nyaya za rangi ya chungwa, alama ya umeme mkubwa, akarudisha mfuniko na kuniambia nitafute mtu mwingine. Sikumlaumu. Walioniumiza ni watu wetu. Kwenye harusi moja rafiki yangu, mtu niliyekula naye sahani moja, alisema mbele ya meza nzima: "Miaka yote tunapigwa na baridi Marekani, halafu mwenzetu ananunua kigari cha watu wawili chenye magurudumu yaliyofichwa!" Watu wakacheka. Nilinyamaza nikaendelea kula pilau, lakini neno lile halijatoka moyoni mpaka leo.

Sasa nieleze nilichokiona mimi siku ile chini ya turubai.

Insight ndiyo haibridi ya kwanza ya kisasa kuuzwa Marekani, Desemba 1999, miezi kadhaa kabla Prius haijafika hapa. Mwanzoni iliundwa katika kiwanda cha Takanezawa huko Japani, kilekile kilichounda NSX na S2000, yaani magari ya michezo ya Honda yenye heshima kubwa. Bodi yake ni ya alumini. Chukua sumaku uiweke mlangoni, itateleza na kuanguka. Kwa sisi tunaoishi kwenye majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, hilo si jambo dogo, maana nimeona magari ya umri wake yameliwa na kutu mpaka fremu inabonyea. Injini ni ya lita moja, silinda tatu, na mota nyembamba ya umeme imebanwa katikati ya injini na gia. Uzito haufiki kilo 900. Ilipotoka, takwimu rasmi za Marekani ziliipa maili 61 kwa galoni mjini na 70 barabara kuu, sawa na takribani kilomita 26 na 30 kwa lita. Na ziliundwa kama 17,000 tu dunia nzima mpaka uzalishaji ulipokoma mwaka 2006.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo ishike. Kufikia mwaka 2008 Prius ilikuwa imeshauzwa zaidi ya milioni moja. Kitu kilichojaa kila mtaa hakiwi lulu upesi, hata kikiwa kizuri namna gani. Prius nitakayoinunua leo bila kufikiri mara mbili ni ile ya kwanza kabisa, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, yenye umbo la saluni na sura ya upole. Hiyo iliuzwa rasmi Japani peke yake, na tangu zilipoanza kutimiza miaka 25 sheria ya Marekani inaziruhusu kuingia bila kudaiwa viwango vya usalama vya hapa. Huko Kenya, ambako gari la mtumba lililozidi miaka 8 haliingii, za namna hiyo haziwezi kuongezeka tena. Zilizopo ndizo hizo hizo.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Morogoro, Prius yako ya 2006 ni ya kizazi cha pili, kile kilichochaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 2005. Ni gari la heshima, lakini kuingoja ipande bei ni kungoja embe chini ya mnazi. Itunze kwa sababu inakupeleka na kukurudisha kwa mafuta kidogo. Na usiiuze skrepa kabla hujafanya haya. Ubavuni mwa kiti cha nyuma kuna tundu la kuingiza hewa inayopoza betri. Kwa vumbi letu, feni yake huziba, betri inachemka, inakufa kabla ya siku zake. Mwambie fundi aifungue aisafishe. Halafu apime moduli moja moja, yaani vile vipande vinavyounda betri, ziko 28. Mara nyingi taa ile huwashwa na moduli chache zilizochoka, si betri nzima. Kuzibadilisha hizo chache kutakununulia muda, ingawa zilizobaki nazo ni wazee wa rika moja na zitafuata. Anayekwambia skrepa bila kupima, mkimbie.

Betri ndiyo moyo wa mjadala huu wote. Wapenzi wa magari ya kale wananiambia haibridi haiwezi kudumu kama Peugeot 504 au Datsun 160J, kwa sababu kabureta unaifungua kwa bisibisi lakini kompyuta huifungui. Nawaheshimu. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally na 160J mwaka 1979 na 1980, na mimi pia nikiiona moja nasimama. Lakini nawakumbusha kwamba 504 nayo iliitwa gari la kubebea abiria na magunia, ikachakazwa mpaka mwisho, na wachache waliozifungia ndani leo wanafuatwa na wanunuzi.

Na Insight ina jambo ambalo wengi hawalijui: ina stata ya kawaida ya volti 12 kama akiba. Betri kubwa ikigoma, injini bado inawaka. Prius haina hiyo. Betri kubwa ikifa kabisa, injini haiwaki, unaita gari la kuvuta. Ndiyo maana naamini Insight zitaishi muda mrefu zaidi mikononi mwa watu wanaozipenda. Betri yangu ina seli 120, kila moja kama betri ya tochi kubwa, zimepangwa kwenye vijiti 20. Miezi ya kuzifufua sitaisimulia, ni chaja ya polepole usiku kucha na balbu za kumaliza chaji, kisha unarudia. Ila hili siliruki: kabla ya kugusa chochote, zima swichi ya betri, subiri dakika tano chaji iliyobaki iishe, na vaa glavu za umeme mkubwa. Volti 144 hazina msamaha.

Ukitaka kununua, nunua lililo kamili. Gia za mkono, maana ndizo zenye mfumo wa kuchoma mafuta kwa hewa nyingi uliozipa sifa ya kula mafuta kidogo. Za otomatiki zilizokuja baadaye hazina. Bodi isiyogongwa, kwa sababu mafundi wa kuchomelea alumini ni wachache na hawana bei ya huruma. Kitabu cha gari, risiti za matengenezo, funguo zote mbili. Lililo kamili, narudia. Gari lililobadilishwa injini na kushushwa chini linaweza kumfurahisha kijana, lakini mtunzaji hatalilipia.

Ukishalipata, liendeshe. Betri za aina hii zinakufa kwa kukaa kuliko kwa kutumika, kwa hiyo kulifungia bandani miaka mitano ukidhani unawekeza ni kulizika. Vijana wetu tumezoea kutaka faida ya kesho asubuhi, na ndiyo sababu vitu vya maana vinatoka mikononi mwetu na kwenda kwa wenye subira.

Na vile vifuniko vya magurudumu ya nyuma vilivyochekwa kwenye harusi, usivitoe ili uoneshe rimu mpya. Ndivyo vinavyopotea kwanza, na hapa nimeona mtu akiuziwa kimoja tu, chenye mikwaruzo, kwa bei ya tairi mbili. Ukilazimika kuvitoa, vifunge kwenye blanketi, viandike kulia na kushoto, uviweke ndani ya nyumba.