Celica ya zamani kwenye miinuko ya Mbeya: pima kwanza, spea baadaye

Mmiliki wa gari la spoti la miaka ya 1990 anayeishi Mbeya, Iringa au Njombe ataambiwa mara nyingi kwamba injini yake imechoka. Ataambiwa na fundi, na dereva mwenzake, hata na muuza spea ambaye hajafungua boneti. Wakati mwingine itakuwa kweli, kwa sababu magari haya yalitembea kilomita nyingi Japani kabla ya kufika kwetu. Lakini katika muda wote ambao nimemiliki na kutunza Toyota Celica ST202 katika jiji hili, nimejiridhisha kwamba sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa injini hizi inatokana na kitu ambacho watu hawakihesabu kabisa, nacho ni mwinuko wa mahali tunapoishi.

Mbeya iko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko huo kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 82 ya ile ya Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo huvuta hewa pungufu kwa uwiano huo huo kila pistoni inaposhuka. Celica ya toleo la SS-II yenye injini ya 3S-GE iliuzwa Japani ikiwa na nguvu za farasi 180. Hapa kwetu, hata ikiwa nzima kabisa, haitazidi sana 150. Anayelitoa gari pwani huanza kuhisi limekuwa zito baada ya kupanda Kitonga, na akifika Uyole ameshaamini kwamba ringi za pistoni zimekwisha. Kabla hujakubali hukumu hiyo, teremka nalo hadi Kyela, ambako Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, ukaangalie linavyovuta kwa gia ya tatu kwenye barabara tambarare. Likichangamka kule chini na kuwa zito tena unapoipanda Tukuyu, injini haina kosa.

Kipimo kinachowatia watu hasara kubwa kuliko vyote ni cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Gereji moja ilinishauri ninunue injini nyingine kutoka Dar es Salaam baada ya silinda zote nne kusoma karibu psi 145 (paundi kwa inchi ya mraba), kwa hoja kwamba injini nzima ya aina hii inatakiwa kukaribia 180. Nilikataa, na gari bado linatembea kwa injini ile ile. Hesabu yake ni nyepesi: injini inayosoma psi 180 pwani itasoma karibu 147 Mbeya, kwa sababu inagandamiza hewa iliyokuwa hafifu tangu mwanzo. Chukua namba uliyoipata, igawe kwa 0.82, ndipo uilinganishe na kitabu. Hata hivyo, linaloeleza hali ya injini kuliko namba yenyewe ni tofauti kati ya silinda na silinda, ambayo kwa kawaida ya Toyota haitakiwi kuzidi psi 14. Silinda nne zenye 145 ni injini nzima. Tatu zenye 150 na moja yenye 110 ni ugonjwa, hata kama wastani wake unaonekana mzuri.

Hakikisha pia kipimo kinachukuliwa ipasavyo, maana nimeona kikichukuliwa injini ikiwa ya baridi na plagi moja tu ikiwa imetolewa. Injini iwe ya moto, plagi zote nne ziwe nje, umeme wa distributa na wa nozeli uwe umekatwa, betri iwe imejaa, na mtu akanyage mafuta mpaka mwisho wakati starta inazungusha. Silinda ikisoma chini, mimina ndani yake kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, kisha upime tena. Namba ikipanda sana, tatizo liko kwenye ringi. Isipopanda, angalia valvu au gasketi ya hedi. Fundi anayekubali kufanya hivyo mbele yako bila kununa ni mtu wa kumshika.

Geji ya vakyumu, inayopima injini inavyonyonya hewa, nayo inasomwa vivyo hivyo. Vitabu vingi husema injini nzima ikiwa kwenye sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, isome kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Kwa Mbeya punguza kama inchi tano. Mshale uliotulia kwenye 14 ni habari njema. Mshale unaotetemeka kwenye 17 si habari njema.

Sasa nije kwenye kuchemsha, ambako ndiko injini nyingi za aina hii zinakofia. Maji yasiyo na mgandamizo huchemka hapa Mbeya kwa takriban nyuzi 94 za Selsiasi badala ya 100. Thamostati ya injini hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kitabu kinaitaka iwe imefunguka kabisa kwenye nyuzi 95. Ziweke namba hizo pamoja utaona jambo zito: bila mgandamizo, maji yanaanza kuchemka kabla thamostati haijamaliza kufunguka. Kinachoyazuia ni kifuniko cha rejeta peke yake. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 kinabana kwa kilopaskali 88 juu ya hewa ya nje, na hapo maji yanaweza kufika karibu nyuzi 115 bila kuchemka. Mpira wa kifuniko hicho ukikauka au springi yake ikilegea, umerudi kwenye 94, na gari ambalo lingevumilia pwani litachemsha kwenye mlima wa kwanza. Ndiyo maana kifuniko kipya, tena chenye namba sahihi, ni spea ya kwanza ninayomshauri mtu yeyote anunue akishamiliki gari la zamani huku juu. Usiweke cha 1.1 ukidhani unaongeza usalama, kwa sababu mipira na rejeta yenye umri wa miaka 30 ndivyo vitakavyolipa.

Jaribio la kuchemsha thamostati kwenye sufuria lina ujanja wake kwetu. Itumbukize kwenye maji yenye kipimajoto, uangalie inapoanza kuachia. Ikianza karibu na nyuzi 82, ni nzima. Lakini usiitupe kwa sababu haikufunguka mpaka mwisho maji yalipochemka, kwa kuwa maji ya sufuria Mbeya hayafiki nyuzi 95 hata ukiyaongezea mkaa. Thamostati nyingi nzuri zimetupwa kwa kosa hilo.

Wengine huitupa kwa makusudi, na hapo nasimama kinyume na desturi ya gereji zetu nyingi. Kuondoa thamostati huenda kukaonekana kunasaidia Morogoro mchana wa jua. Mbeya asubuhi ya Juni au Julai, wakati baridi inauma na nyasi zimeota barafu, injini isiyo na thamostati inaweza kutembea kutoka Uyole hadi katikati ya jiji bila kufikia joto lake. Sensa inaiambia kompyuta kwamba injini bado ni ya baridi, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi, plagi zinakuwa nyeusi, na petroli inayobaki kwenye kuta za silinda inaosha oili. Mmiliki analalamika kwamba gari linakula mafuta, anauziwa nozeli na sensa ya oksijeni, kumbe kinachokosekana ni kifaa kimoja kidogo cha bei nafuu.

Ukimwaga kulanti, jaza taratibu huku hita ikiwa imefunguliwa kwenye joto la mwisho ili hewa itoke. Feni ya rejeta ipimwe pia: kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo, ukichomoa waya wa swichi ya joto ya feni huku swichi ya gari ikiwa imewashwa, feni inatakiwa kuzunguka hapo hapo. Isipozunguka, fuata relei, fyuzi na mota kabla hujailaumu swichi.

Kuna mashine ya uchunguzi ambayo umiliki wa gari hili unakupa bure, na inanishangaza jinsi watu wachache wanavyoitumia. Kwenye chumba cha injini kuna kiboksi cha plastiki chenye maandishi ya DIAGNOSTIC, na ndani ya kifuniko chake kuna mchoro wa majina ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande kifupi cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, kisha uitazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo ule ule, kompyuta haina kumbukumbu ya hitilafu. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22, yaani mzunguko wa sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), na 21 ni ya oksijeni. Hakikisha ni matundu hayo mawili tu, kwa sababu kuunganisha mengine kwa kubahatisha kunaweza kuunguza kitu.

Namba hizo hazikuambii ununue sensa. Zinakuambia mahali pa kupeleka mita. Sensa ya joto la maji yenye nyaya mbili isome kati ya kilo-omu 2 na 3 ikiwa kwenye nyuzi 20, na kati ya 0.2 na 0.4 ikiwa kwenye nyuzi 80. Ikisoma hivyo, sensa ni nzima, na tatizo liko kwenye plagi ya waya iliyoshika kutu ya kijani au waya uliokatika ndani ya gamba lake. Kwa sensa ya mgandamizo, anza na kimpira chembamba kinachotoka kwenye manifoldi. Kikiwa na ufa, kompyuta inasoma hewa isiyo sahihi na injini haitulii kwenye sailensa. Vimpira hivi hukakamaa kwa umri. Ukivikunja kwa vidole vikatoa mistari myeupe, badilisha vyote kwa pamoja.

Mmiliki anayeona gari limepungua nguvu huweza kushawishiwa kuzungusha distributa ili kuongeza taimingi, yaani kuiwahisha cheche ya plagi. Asikubali mpaka taimingi ipimwe kwa taa, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, ambapo alama inatakiwa kuwa nyuzi 10 kabla pistoni haijafika kilele. Bila kuunganisha matundu hayo, kompyuta inaisogeza taimingi yenyewe na unachokisoma hakina maana.

Distributa hiyo hiyo ndiyo chanzo cha injini kumisi wakati wa mvua, hasa kwa anayepita mara kwa mara kwenye ukungu wa milima ya Uporoto na mvua za Rungwe. Usiku wenye unyevu, egesha mahali penye giza, fungua boneti injini ikiwa inaunguruma, uangalie nyaya za plagi bila kuzigusa. Nyaya zilizochoka zitaonyesha vicheche vya bluu vikirukia kwenye chuma. Fungua pia kifuniko cha distributa, ukague kama kuna mstari mwembamba mweusi kati ya ncha na ncha. Huo ni ufa unaopitisha umeme, na haufutiki kwa kitambaa. Matundu ya plagi yakiwa na oili, badilisha gasketi ya kava ya valvu kabla ya kununua nyaya mpya, la sivyo oili itaziharibu nazo.

Kuhusu spea, tuna bahati kwamba injini ya 3S-FE imo kwenye Noah za zamani, RAV4 za mwanzo na Caldina, zinazojaa barabarani kwetu, na vitu kama chujio la oili ni vile vile. Undugu huo una mpaka. 3S-FE ina puli moja ya kemu (mhimili unaofungua valvu) inayozungushwa na mkanda wa taimingi, wakati 3S-GE ina mbili, kwa hiyo mkanda wake ni mwingine kabisa. Nenda dukani na namba ya injini, wala usitaje jina la gari peke yake, kwa sababu Celica ya SS-I ilikuja na 3S-FE na muuzaji anaweza kukupa spea ya injini hiyo. Kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, uhesabu kuwa haujabadilishwa.

Mwinuko unagusa hata breki. Buta inayousaidia mguu wako hutumia tofauti kati ya hewa ya nje na vakyumu ya injini, na kwa kuwa hewa ya nje ni hafifu huku, msaada wake unapungua na pedali inataka mguu mzito kidogo kuliko Dar es Salaam. Kujua kama buta ni nzima, zima injini, pampu pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha uwashe: inatakiwa kuzama kidogo yenyewe. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155, ndiyo maana mimi natumia DOT 4 na kuibadilisha kila baada ya miaka miwili. Ukishuka Kitonga au Mlima Nyoka, ingia gia ya tatu au ya pili kabla mteremko haujaanza, si katikati yake. Pedali ikianza kuwa laini, mafuta yameanza kuchemka: tafuta mahali pa kuegesha, weka gia, acha breki zipoe bila kuzimwagia maji, na ukifika nyumbani toa mafuta yote ya zamani ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, mpaka yatoke safi, bila mapovu, kwenye magurudumu yote manne.