Mgongo wa mzee wako

Dada wa Makorora, poleni sana. Umeuliza kwa nini baba, anayeumwa mgongo, hafanyi kitu mwaka wa pili sasa, ilhali mwenzake waliyekata naye mkonge ana picha ya mgongo ya hospitali iliyo mbaya zaidi na bado analima.

Picha haitoshi kueleza hilo. Wapo wengi wenye diski (vile vibonge laini vilivyo kati ya pingili za mgongo) zilizolika wasiosikia maumivu kabisa. Maumivu yakishapita miezi 3, kinachoambatana sana na mtu kushindwa kazi zake, ukiacha ukali wa maumivu yenyewe, ni hofu. Mtu anaogopa kuinama, anaacha kutembea, misuli inalegea, halafu siku akiinua ndoo tu anaumia na kusema, "Si niliwaambia?" Anarudi kulala. Sonona, usingizi mbovu na kujiona hawezi tena navyo vimo, na kazi nzito pia. Maumivu yake ni ya kweli, tafadhali msimwambie anajidekeza.

Ninyi watoto pia, kwa mapenzi tu, mnampokonya kila kazi. Mwacheni atembee hadi kwa jirani na kurudi, kesho kutwa aongeze kidogo, hata kama panauma kiasi. Muulizeni pia moyo wake ukoje. Wazee wetu hawasemi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atamsaidia kupanga.

Ila akishindwa kuzuia mkojo au choo, akifa ganzi sehemu za siri, au miguu ikiisha nguvu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.