Mdogo wangu unayerusha spini, punguza mwendo

Karibu kila Jumamosi, mazoezi yakiisha, kuna binti atakayenifuata na swali lilelile: "Dada, nifanyeje mpira wangu uwe na kasi?" Nami nililiuliza nilipoanza kurusha spini, yaani mpira wa kuzungusha, kwenye kriketi hapa Dar es Salaam nikiwa na miaka 15. Nikaambiwa niongeze nguvu, nikaongeza, na misimu miwili ikapotea. Mpira ulifika haraka ukiwa umenyooka, na wapigaji wakanishukuru. Mpira wa kasi humletea mpigaji nguvu ya bure, yeye kazi yake ni kuuelekeza tu.

Aliyenifungua macho ni Poonam Yadav wa India. Tarehe 21 Februari 2020, mjini Sydney, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia la wanawake la T20, kriketi fupi ambayo kila timu hurushiwa ova 20 za mipira sita sita. Australia, mabingwa watetezi na wenyeji, walihitaji mikimbio (pointi) 133 tu ili washinde. Alyssa Healy alikuwa ameshafikisha 51. Akaja Poonam, mwanamke mfupi anayerusha polepole kiasi cha kumfanya mpigaji ahisi ana muda wa kuchagua atampiga upande gani. Healy akamrudishia mpira mikononi, akatoka. Rachael Haynes akasogea mbele kuufuata, akaukosa, mlinda wiketi akaudaka na kuangusha vijiti nyuma yake, naye akatolewa. Mpira uliofuata ukamtoa Ellyse Perry kabla hajapata hata mkimbio mmoja. Poonam alimaliza na wiketi 4, yaani wapigaji wanne aliowatoa, kwa mikimbio 19, India wakashinda kwa 17. Niliirudia ile ova kwenye simu mpaka bando likaisha.

Siri haiko kwenye kurusha polepole peke yake. Ukirusha polepole bila kuuzungusha, utapigwa mpaka nje ya uwanja. Mpira uliozungushwa sawasawa hupanda juu ya macho ya mpigaji, kisha hushuka mapema kuliko alivyotarajia. Gongo lake la kupigia linakuwa limeshatoka, na nguvu yote anatakiwa aitoe mwenyewe. Hapo ndipo anapokosea.

Si kila mtu lazima awe Poonam. Sophie Ecclestone wa Uingereza ni mrefu, anarusha kwa mkono wa kushoto na kwa mwendo mkubwa zaidi, na urefu wake huufanya mpira udunde juu kwa namna ambayo mimi sitaipata kamwe. Lakini naye huuzungusha mpira. Mwendo unaweza kuongezwa baadaye. Vidole vilivyozoea kusukuma mpira badala ya kuuzungusha, hivyo ni vigumu mno kuvirekebisha. Vyangu vilinichukua mwaka mzima.

Jambo la pili linaniuma kwelikweli: mpira wenyewe. Mpira wa wanawake una uzito wa gramu 140 hadi 151, wa wanaume 156 hadi 163, tena ni mkubwa kidogo. Nimeona mabinti wengi wakipewa mpira wa wanaume kwa sababu ndio uliopo kwenye begi. Kidole hakiushiki mshono vizuri, binti anaanza kukunja kiwiko ili aufikishe, na sheria inaruhusu kiwiko kinyooke kwa nyuzi 15 tu. Ombeni mpira wenu. Ombeni tena.

Na ukipigwa sita, yaani mpira ukaruka nje ya uwanja bila kudunda? Kwenye T20 kila mrushaji ana mipira 24, basi. Siku moja nilipigwa sita mbili mfululizo, nikaogopa, nikarusha wa tatu kwa kasi. Nao ukaenda nje. Siku hizi nikipigwa, narudisha mpira uleule, polepole zaidi kidogo, mbali kidogo na gongo la mpigaji.

Kuhusu kuishi kwa kriketi, nitakwambia ukweli. Uingereza ilitoa mikataba ya kwanza ya kulipwa muda wote kwa wanawake 18 mwaka 2014. Mwaka 2023, kwenye mnada wa kwanza wa ligi ya wanawake ya India, Ecclestone alinunuliwa kwa rupia milioni 18. Hapa kwetu wengi tunacheza huku tukisoma au tukifanya kazi, kwa hiyo usiache shule. Ila tangu Julai 2018, mechi za T20 kati ya timu za taifa za wanawake za nchi wanachama wa ICC, Baraza la Kimataifa la Kriketi, zina hadhi ya kimataifa. Wiketi unayochukua Kigali kwenye mashindano ya wanawake ya Kwibuka ukiichezea timu ya taifa inaandikwa kwenye kitabu kilekile cha Anisa Mohammed wa West Indies, mrushaji spini aliyekuwa mtu wa kwanza, mwanamke au mwanamume, kufikisha wiketi 100 za T20 za kimataifa.

Jumamosi njoo na kamba. Tutaifunga kwenye nguzo mbili katikati ya pichi, juu ya usawa wa macho ya mpigaji, na kutandika leso pale mpira unapotakiwa kudunda. Upite juu ya kamba, uangukie leso. Mipira 24, halafu tunapumzika, halafu 24 tena.