Samaki nilipokea, kodi nikalipa

SWALI

Mama, pokea salamu zangu. Mimi ni mshauri nasaha hapa Kampala, mwaka wa pili kazini. Kuna mama mmoja, mkimbizi kutoka Kongo, namwona kila Jumatano tangu Februari. Siku moja aliniletea mukene wakavu, wale dagaa wetu, kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Nikapokea, ila nikaogopa kumwambia msimamizi wangu. Wiki mbili baadaye mwenye nyumba akaufunga muzigo wake, chumba anachopanga, kwa kufuli, naye akanipigia simu saa tatu usiku akilia. Nikamtumia shilingi 150,000. Tangu siku ile hajaja, Jumatano ya tatu sasa. Simu inaita, hapokei. Je, nilikosea kumjali?

Mshauri wa Nsambya

JIBU

Mwanangu, kumjali hukukosea. Tuanze na samaki, ndio wepesi. Uliwala? Natumaini uliwala. Mtu aliyekaa mbele yako miezi yote hiyo akipokea tu, siku hiyo alitaka na yeye atoe. Ungemrudishia kaveera yake ungemvunja moyo. Kosa ni kumficha msimamizi. Cha kufichwa huanza kunuka, sembuse samaki.

Pesa ni jambo jingine. Walimu wangu, wakisema mshauri hatoi wala hapokei, walipenda kumtaja Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya akili kwa mazungumzo, na kweli mwaka 1915 aliandika kwamba tiba iendeshwe kwa kujinyima. Hawakutusimulia habari za Sergei Pankejeff, tajiri wa Urusi aliyefilisiwa na mapinduzi. Freud alikwisha kumtibu, akamhurumia, akamchangishia pesa kila mwaka kwa miaka sita. Zilisaidia hata kulipa hospitali ya mkewe. Mwaka 1922 yule bwana akaletewa vito vya familia yake kutoka Urusi. Akanyamaza. Aliogopa kwamba Freud akijua, mchango utakatika. Daktari aliyemtibu baadaye, Ruth Mack Brunswick, aliyaandika hayo mwaka 1928. Hebu fikiria: mtu aliyemsimulia Freud mpaka ndoto za utotoni, sasa anamficha vito!

Mimi yangu ilikuwa ada ya shule. Nilimlipia binti wa mteja wangu, nikarudi nyumbani najiona mtu mwema. Mwezi uliofuata nikakutana na mama yake katika soko la Owino, kwenye mitumba. Akainama ghafla akaanza kukagua zipu ya suruali ya mwanamume, na mume hana. Nilipita. Hakurudi tena kwangu, na alikuwa bado anaamka usiku akipiga kelele.

Huyu wako anajiona unamdai, hata kama hukutamka neno. Deni la namna hiyo mtu hulihesabu kimoyomoyo. Kampala nzima alikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuhitaji kumfurahisha, na huyo ni wewe. Ulipolipa kodi ukakaa foleni moja na mwenye nyumba.

Sasa usimpigie tena, wala usiende kwake. Majirani wa muzigo wana macho. Mtumie ujumbe wa sauti mchana, mfupi: "Mama, ile pesa si deni, sitaiuliza. Jumatano saa yetu ile ile nipo." Usiongeze kitu. Halafu leo hii mweleze msimamizi yote, kuanzia mukene. Atakugombeza kidogo, utapona.

Na hiyo namba yako binafsi, nani alimpa? Nauliza tu, maana jibu nalijua. Mteja apewe namba ya ofisi, na namba ya usiku ya mtu aliye zamu, kama mnayo. Kufuli likirudi, kaeni naye ofisini, mpige simu pamoja kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, na kwa wanaoshughulikia wakimbizi. Inachosha kuliko kutuma pesa, na siku nyingine haizai kitu. Lakini atatoka pale bila deni kwako.

Akirudi, usikimbilie kumwambia yameisha. Huenda ana hasira nawe, na hasira hiyo ni kazi yenu ya Jumatano hiyo. Asipotokea wiki mbili baada ya ujumbe, mwombe mwenzako mwingine amwite. Huyo hajamlipia kodi.