Maswali na majibu: Kuhamia Linux bila kupoteza faili

SWALI: Laptopu yangu ina RAM ya GB 8 na Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inagoma kwa sababu prosesa ni ya zamani. Nataka kuhamia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ila naogopa kupoteza faili zangu. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na nakala. Nakili faili zote kwenye diski ya nje, fungua chache uhakikishe zinasomeka, kisha ichomoe kabisa. Faili nyingi hupotea pale mtu, wakati wa kusakinisha Linux, anapochagua kufuta diski nzima akidhani anafuta kipande tu.

Kwa RAM hiyo, Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, itakutosha vizuri. Pakua faili lake la ISO, yaani faili moja lenye mfumo mzima, kisha uliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Kulinakili kama unavyonakili picha hakutasaidia, kwani laptopu haitawaka kutoka kwenye flashi hiyo. Kumbuka pia kwamba chochote kilichokuwamo kwenye flashi kitafutika.

Sasa washa laptopu ukibonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia. Mara nyingi huwa F12, F9 au Esc. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapa tunakusihi usiwe na haraka. Jaribu waifai, sauti, kamera na printa, kisha funika laptopu ilale, uifunue uone kama inaamka. Kisoma alama za vidole ndicho kifaa kinachogoma mara nyingi. Waifai ikikosekana, hasa kadi ikiwa ya Broadcom, unganisha simu kwa waya wa USB, shiriki intaneti yake, halafu sakinisha draiva, yaani programu inayoiwezesha kadi hiyo kufanya kazi.

Ukitaka kubaki na Windows pembeni, zima kwanza Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka. Ikiwa imewashwa, Windows haijizimi kikamilifu, na Linux itasoma faili za upande huo bila kuweza kuziandika. Kama BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa msimbo, inatumika, hifadhi nje ya laptopu ufunguo wake wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Mabadiliko kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kuwashia laptopu, yanaweza kuifanya Windows iudai. Saa nayo ikipishana kati ya mifumo hiyo miwili, andika kwenye terminali ya Linux, yaani dirisha la kuandikia amri: timedatectl set-local-rtc 1

SWALI: Je, Word na Excel zitafanya kazi?

JIBU: Zile za kusakinisha, hapana. LibreOffice, programu ya ofisi ya Linux, hufungua faili za docx na xlsx, yaani za Word na Excel, ingawa makro za Excel (amri zinazojiendesha zenyewe) huweza kukataa. Mistari ikihama kwenye barua zako, sakinisha fonti za Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana sawa na za Calibri na Cambria. Kama kazi yako inategemea makro kila siku, usiifute Windows.